Presha ya macho na presha ya damu kwa mtu mmoja: kidonge kimoja, matone ya timololi au matone ya latanoprosti?

Mzee mmoja wa Likoni, Mombasa, alinijia kwenye duka langu la dawa na mifuko miwili ya karatasi. Mmoja alitoka nao kliniki ya macho, mwingine kliniki ya presha, na tangu aanze vyote viwili alikuwa akipata kizunguzungu kila akisimama. Kile kilima cha kutoka feri alikuwa akikipanda kwa vituo vitatu. Akavitandaza vitu vyake juu ya kaunta akaniambia, "Mwanangu, hebu nisomee. Hii ya jicho imeishia na lol, hii ya moyo nayo imeishia na lol. Si ndugu hawa?"

Ni ndugu. Kichupa kilikuwa cha timololi, tembe zilikuwa za atenololi, na zote ni za jamii moja iitwayo beta-bloka. Nikamfunga mashine mkononi. Mapigo ya moyo yakasoma 46 kwa dakika. Siku hiyo hiyo nikamwandikia barua arudi kwa daktari. Madaktari wake wawili kila mmoja alikuwa amefanya kazi yake sawasawa, ila hakuna aliyeuliza mwenzake ameandika nini, na mzee naye hakuulizwa anameza nini. Katika miaka yangu ya kusimama nyuma ya kaunta, huyo ndiye mteja pekee aliyewahi kuligundua lile "lol" kabla yangu.

Kwenye boksi majina haya huandikwa kwa Kizungu na hayana irabu ya mwisho: timolol, atenolol, latanoprost. Hapa nayaandika tunavyoyatamka.

Njia tatu, na nitakavyozipima

Nazungumza na mtu mwenye glakoma (ndiyo hiyo presha ya macho) ya pembe wazi, ile ya polepole isiyouma, iliyo nyingi kwetu Waafrika, na ambaye pia ana presha ya damu. Ile glakoma ya ghafla, jicho jekundu lenye maumivu makali, kichefuchefu, na taa kuonekana zimezungukwa na duara za rangi, hiyo haina muda wa kulinganisha chochote. Ni hospitali usiku huo huo.

Njia ya kwanza ni kidonge cha beta-bloka peke yake, kama atenololi, bisoprololi au karvediloli, kwa matumaini kwamba kitashusha presha zote mbili. Ya pili ni matone ya timololi jichoni, na presha ya damu itibiwe kwa dawa ya jamii nyingine. Ya tatu ni matone ya latanoprosti, na presha ya damu itibiwe kwa dawa yoyote inayokufaa, beta-bloka ikiwemo.

Nitazipima kwa mambo matano: inalisaidia jicho kiasi gani, inaisaidia presha ya damu kiasi gani, inafanya nini kwa moyo, kifua na sukari, inakaaje na ratiba yako na joto la Mombasa, na mwisho pesa. Si mambo yenye uzito sawa. Lile la tatu ndilo linalopeleka watu hospitalini, kwa hiyo nitakaa hapo zaidi. Leza nitaigusa pembeni, maana watu wananiuliza.

Kwa jicho

Wazo la kidonge kimoja kwa presha mbili si upuuzi. Mskochi James Black alibuni propranololi miaka ya 1960, na kazi hiyo ni miongoni mwa zilizompa tuzo ya Nobel mwaka 1988. Mwaka 1967 madaktari nchini Uingereza waliripoti kwamba propranololi, dawa ya moyo, inashusha na presha ya jicho. Yaani matone tunayoyauza leo yalizaliwa na dawa ya moyo. Propranololi yenyewe haikufaa kutiwa jichoni kwa sababu inatia ganzi uso wa jicho. Timololi haina shida hiyo, na Marekani iliyaidhinisha matone yake mwaka 1978.

Jicho hutengeneza maji yake ndani kwa ndani na kuyatoa taratibu. Fikiria bomba na mtaro. Presha ya kawaida ya jicho ni kati ya milimita 10 na 21 za zebaki. Maji yakishindwa kutoka ipasavyo, presha hupanda na mshipa wa fahamu wa jicho huanza kufa kidogo kidogo kuanzia pembeni, mtu asijue. Kinachokufa hakirudi. Hii ndiyo tofauti yake na mtoto wa jicho, ambao ukitolewa mtu huona tena. Wateja wengi huzichanganya mbili hizi, na wengine hungoja "ikomae" ndipo waende. Glakoma haikomai.

Timololi hupunguza bomba. Hushusha presha ya jicho kwa asilimia 20 hadi 25 hivi, kwa hiyo jicho la 28 litateremka mpaka 21 au 22. Latanoprosti huzibua njia ya kutokea maji, na hushusha kwa asilimia 25 hadi 33. Jicho lile lile litafika kama 20. Tofauti nyingine haionekani kwenye karatasi ya kliniki, kwa sababu kliniki hupima mchana: mtu akilala bomba lenyewe hupungua, basi timololi haina mengi ya kufanya usiku. Latanoprosti inafanya kazi saa zote 24.

Kidonge cha beta-bloka nacho hushusha presha ya jicho, lakini kipimo chake kimechaguliwa kwa ajili ya moyo, si jicho. Jicho linapata makombo. Kuna na mtego: kidonge kinaweza kuificha glakoma, presha ya jicho ikasomeka nzuri kumbe mshipa unaendelea kuumia. Siku daktari wa moyo akikibadilisha kidonge, presha ya jicho inapanda na hakuna anayeangalia.

Je, anayemeza kidonge akiongeza matone ya timololi? Faida kwa jicho inakuwa ndogo kuliko kwa mtu asiyemeza. Beta-bloka hufanya kazi kwa kufunga kufuli fulani mwilini. Kidonge kikishazifunga, tone linakuja na ufunguo wakati milango mingi imeshafungwa. Madhara hayapungui hivyo, yanajumlishwa.

Kwa presha ya damu

Hapa sitakawia. Matone si tiba ya presha ya damu. Kama timololi inakushusha presha ya damu, hiyo ni dawa iliyopotea njia, usiihesabu kama faida.

Kuhusu kidonge: zamani atenololi ilikuwa ndiyo ya kwanza kuandikwa, na bado nawaona wazee wanaoimeza tangu enzi hizo. Mambo yamebadilika. Utafiti mkubwa uliotoka mwaka 2002 uliilinganisha na losatani kwa watu wenye presha na moyo ulionenepa kuta, na waliomeza losatani walipata viharusi vichache zaidi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unaanza na jamii tatu kwa presha ya kawaida: dawa za kukojoza za aina ya thiazaidi, jamii ya amlodipini, na jamii za enalaprili na losatani. Beta-bloka haimo. Nafasi yake ipo kwa aliyewahi kupata mshtuko wa moyo, mwenye maumivu ya kifua ya moyo, mwenye moyo ulioshindwa kusukuma damu vizuri, au mwenye mapigo yanayokwenda ovyo. Kwa hao kidonge hiki ni nguzo, na hakuna daktari wa macho atakayewaambia wakiache.

Kwa hiyo anayetaka beta-bloka ya kumeza kwa sababu tu "itasaidia na macho" anachukua dawa isiyo ya mstari wa mbele kwa presha na isiyotosha kwa jicho. Lakini yule ambaye moyo wake tayari unaihitaji, suala lake ni jingine kabisa.

Kwa moyo, kifua na sukari

Watu hudhani tone linaishia jichoni. Kichupa ni kidogo kama kidole, mtu atakiogopaje? Hebu tufanye hesabu. Timololi ya asilimia 0.5 ina miligramu 5 kwa kila mililita, basi tone moja kubwa lina kama robo ya miligramu. Macho mawili, asubuhi na jioni, ni kama miligramu moja kwa siku. Timololi ya kumeza ya presha huanza na miligramu 10 mara mbili kwa siku, kwa hiyo moja inaonekana si kitu. Tofauti ni njia inayopita. Kidonge hupita ini kwanza, na ini hukila sehemu kubwa. Tone hutoka jichoni kwa kitundu cha machozi, likashuka puani, na huko ngozi laini ya pua hulinyonya moja kwa moja kuingia damuni. Halionani na ini. Ndiyo maana unasikia uchungu kooni baada ya kutia dawa: ni dawa ileile, imeshapita pua.

Ikiingia damuni hufanya yale yanayofanywa na beta-bloka yoyote. Mapigo hupungua kasi. Njia za hewa hubana, na kwa mwenye pumu tone moja linatosha kumpeleka hospitalini; hii si chumvi, imewahi kuua watu. Mwenye pumu, mwenye mapafu yaliyochakaa kwa sigara au moshi wa kuni, mwenye mapigo ya chini tangu asili, mwenye hitilafu ya umeme wa moyo au moyo ulioshindwa na haujadhibitiwa, hao wote timololi si yao. Yako matone ya ndugu yake, betaksololi, ambayo huchagua zaidi moyo na kukiacha kifua kiasi, lakini yana nguvu ndogo kwa jicho na mwenye pumu bado hapaswi kuyaamini.

Kwa mwenye sukari, hasa anayejidunga insulini au anayemeza glibenklamaidi, kuna jambo jingine. Sukari ikishuka mno, mwili hupiga kelele: mkono unatetemeka, moyo unadunda. Beta-bloka hunyamazisha kelele hizo. Jasho linabaki. Basi mwenye sukari anayetumia dawa hizi akilowa jasho la ghafla lisilo la joto letu hili, apime sukari asingoje kutetemeka.

Wanaume huniuliza jambo moja wakiwa wameinamia kaunta na sauti chini, wakiangalia kama kuna mtu nyuma yao. Ndiyo, beta-bloka inaweza kupunguza nguvu za kiume, na hata matone yamewahi kulaumiwa. Inaweza pia kuleta uchovu, huzuni na ndoto mbaya. Mwambie daktari, zipo dawa nyingine. Wanaoacha kimya kimya ndio wanaorudi baada ya miaka miwili wakiwa wanajigonga kwenye milango kwa kutoona pembeni.

Latanoprosti haina habari na moyo wala kifua kwa kiasi cha kumtia wasiwasi mtu wa kawaida. Madhara yake ni ya palepale jichoni: jicho kuwa jekundu wiki za mwanzo, kope kurefuka na kuwa nene, ngozi ya kuzunguka jicho kuwa nyeusi zaidi, na kwa wengine mafuta ya kuzunguka jicho hupungua mpaka jicho likaonekana limezama. Akina mama wengine hufurahia kope. Anayetia jicho moja tu hujikuta na macho yasiyofanana, na hilo linamkera mtu kuliko daktari anavyodhani. Mwenye uvimbe wa ndani ya jicho au aliyewahi kupata malengelenge ya virusi jichoni amwambie daktari kabla.

Kidonge cha beta-bloka kina madhara yote ya timololi, kwa kipimo kikubwa zaidi, na kina kimoja cha ziada: hakiachwi ghafla. Ukikikata siku moja, mapigo na presha hurudi kwa kishindo, na mwenye ugonjwa wa moyo anaweza kupata maumivu ya kifua au mshtuko. Hupunguzwa taratibu, na daktari ndiye anayepanga.

Mengine mawili ambayo dukani hayaulizwi ipasavyo. Zipo dawa za presha ziitwazo verapamili na diltiazemu, nazo hupunguza mapigo. Zikikutana na beta-bloka, ya tone au ya tembe, moyo unaweza kwenda taratibu mno. Amlodipini haina ugomvi huo, ingawa ni za ukoo mmoja. Na vipo vichupa vya mchanganyiko, mathalani timololi na latanoprosti pamoja, au timololi na dozolamidi. Jina kubwa la biashara ndilo linaloonekana, timololi imeandikwa kwa herufi za sisimizi chini yake. Mwenye pumu akipewa kichupa kipya, asome zile herufi ndogo au ampe anayeona amsomee. Wateja hunitambulishia dawa kwa rangi ya kifuniko, "nipe ile ya manjano". Rangi hubadilika na mtengenezaji. Njoo na kichupa.

Namna ya kutia tone ili libaki jichoni

Hili linazihusu njia ya pili na ya tatu, lakini kwa timololi ni nusu ya usalama. Inamisha kichwa nyuma, vuta kope ya chini itengeneze kikombe, tia tone moja tu. La pili linafurika shavuni, jicho halina nafasi yake. Fumba jicho taratibu bila kulipepesa, kisha bonyeza kwa kidole kona ya jicho iliyo upande wa pua, dakika mbili hadi tatu. Umefunga kile kitundu. Dawa inabaki jichoni na inayofika damuni inapungua sana. Kama una matone ya aina mbili, acha dakika tano katikati, la sivyo la pili litaliosha la kwanza.

Nikiwaonyesha watu hili wananiangalia kama ninawafundisha kuvaa kanga. Lakini nimemwona bibi aliyekuwa na uchungu kooni na uchovu wa kila siku, akabonyeza kona kwa wiki moja na uchungu ukaisha.

Ratiba, joto na Ramadhani

Kidonge ndicho chepesi: mara moja kwa siku kwa zilizo nyingi, hakitaki friji, hakitaki mkono usiotetemeka. Mwenye baridi yabisi ya vidole au anayeishi peke yake huona hilo ni jambo kubwa, na nampa haki yake.

Timololi ya kawaida ni mara mbili kwa siku. Ipo ya jeli ambayo hutiwa mara moja, asubuhi. Hukaa vizuri kwenye joto la kawaida la chumba, usiiache tu ndani ya gari lililoegeshwa juani Marikiti. Ikishafunguliwa, mwezi mmoja kisha itupwe.

Latanoprosti ni tone moja kila jicho, usiku. Ukizidisha ukatia mara mbili kwa siku, nguvu yake hupungua badala ya kuongezeka. Tatizo lake huku ni friji. Kabla ya kufunguliwa hutakiwa kukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Ikifunguliwa inaruhusiwa nje wiki 6, lakini isizidi nyuzi 25. Nani ana nyuzi 25 ndani ya chumba cha Majengo mwezi wa Februari? Kwa hiyo kwa hapa kwetu friji ni mpaka kichupa kiishe. Nunua palipo na friji inayofanya kazi, na usione haya kuuliza. Muuzaji akikichomoa kichupa kipya kwenye rafu chini ya feni, mwachie.

Na Ramadhani. Katika madhehebu ya Shafi'i tunayoyafuata wengi hapa Pwani, jicho halihesabiwi tundu lililo wazi la kufikia tumbo, kwa hiyo tone, kama wanja, halibatilishi saumu hata ladha ikifika kooni. Madhehebu mengine yana kauli tofauti, na anayeyafuata amuulize shehe wake. Mwenye wasiwasi abonyeze kona ya jicho. Ladha haitafika kooni, na moyo wake utashukuru pia. Kwa wanaotaka kukwepa mchana kabisa, sisi tuna bahati ya kuwa karibu na ikweta: kutoka daku hadi magharibi ni kama saa kumi na tatu mwaka wowote, basi timololi ya daku na ya magharibi inaangukia karibu saa kumi na mbili zilizotakiwa. Latanoprosti baada ya tarawehi haina hata mjadala. Nisichotaka kusikia ni mtu ameacha matone mwezi mzima. Mshipa wa jicho haufungi.

Kuna suala la usiku ambalo linawahusu wote. Presha ya damu hushuka mtu akilala. Ikishuka mno, mshipa wa jicho hukosa damu ya kutosha, na kwa baadhi ya watu glakoma huendelea hivyo hata presha ya jicho ikiwa nzuri. Mwenye glakoma anayemeza dawa za presha usiku, hasa aina mbili tatu pamoja, amuulize daktari kama zinaweza kuhamia asubuhi. Ndiyo sababu pia baadhi ya madaktari hutoa timololi ya asubuhi tu.

Pesa

Timololi ni rahisi kuliko latanoprosti. Lakini usilinganishe kichupa kwa kichupa. Kichupa cha timololi cha mililita 5 kina matone kama 100 au zaidi. Kwa matone manne kwa siku kinakwenda karibu mwezi. Latanoprosti ya mililita 2.5 ina kama 80. Kwa matone mawili kwa siku inakwenda hadi wiki sita. Gawanya bei kwa siku, tofauti itapungua, ingawa haitaisha. Anayemwaga matone matatu shavuni kila usiku hesabu hii haimhusu. Vidonge vya beta-bloka ni vya bei ndogo kuliko vyote, ila kama jicho halitoshwi navyo, utanunua matone vilevile.

Leza, kwa ufupi

Ipo leza inayopigwa kwenye mtaro wa jicho, dakika chache tu, bila kulazwa. Katika hospitali ya KCMC Moshi, Tanzania, watafiti waliilinganisha na timololi ya asilimia 0.5, baada ya mwaka mmoja leza ilikuwa imefaulu kwa asilimia 61 ya macho na timololi kwa asilimia 31. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Nguvu yake inaweza kupungua kadiri miaka inavyopita na ikabidi kurudiwa. Lakini haigusi moyo, haigusi kifua, haitaki friji. Ukienda kliniki ya macho, uliza kama wanayo, hata kama umeshaanza matone.

Wewe uko wapi?

Una pumu, au mapafu mabovu, au mapigo yako ni ya chini: timololi iweke pembeni, na vichupa vya mchanganyiko vyenye timololi pia. Latanoprosti au leza ndiyo mazungumzo yako na daktari. Kidonge cha beta-bloka nacho kisianzishwe bila daktari kujua kifua chako.

Una presha ya kawaida, moyo na kifua ni vizima, na pesa ni za kuhesabu: timololi kwa jicho na amlodipini, thiazaidi au losatani kwa presha ni mpango wa heshima. Jifunze kubonyeza kona, na uhesabu mapigo yako mara moja kwa wiki, kidole kwenye kifundo cha mkono, dakika nzima.

Huna friji wala jirani mwenye friji: timololi inakufaa zaidi kama kifua kinaruhusu. Kisiporuhusu, uliza leza kwanza.

Una sukari unayoidhibiti kwa insulini: latanoprosti ina amani zaidi. Ukipewa timololi, kipimo cha sukari kiwe nyumbani.

Mjamzito, au unapanga kuwa: usichague chochote hapa peke yako. Latanoprosti kwa kawaida huepukwa, presha ya mimba ina dawa zake, labetaloli miongoni mwao, na hiyo nayo ni beta-bloka. Daktari wa macho na wa kliniki ya wajawazito lazima wasikie habari moja.

Mikono inatetemeka au huoni ncha ya kichupa: usikimbilie kidonge kwa sababu hiyo tu. Tafuta mjukuu wa kukutia tone moja la latanoprosti usiku.

Na kama una lol mbili, moja jichoni na moja tumboni, na umeshaanza, usikatize kidonge. Hesabu mapigo leo. Yakiwa chini ya 50, au una kizunguzungu, unazimia, au pumzi inabana, nenda hospitali siku hiyo hiyo na mifuko yote miwili, Makadara au popote palipo karibu nawe, uitandaze mbele ya daktari kama mzee wangu alivyonitandazia mimi.

Yeye aliwahi kupata mshtuko wa moyo, kwa hiyo atenololi ilibaki, kwa kipimo kilichopunguzwa, na timololi ikaondolewa akapewa latanoprosti. Friji hana. Kichupa kinakaa kwenye friji ya muuza maziwa aliye mlango wa tatu, ndani ya kikombe chenye jina lake. Kila akitoka msikitini kwa isha anapita hapo, anatia tone moja kila jicho akiwa amekaa kwenye baraza, anabonyeza kona, na muuza maziwa anamhesabia dakika tatu kwa simu. Mara ya mwisho nilipomfunga mashine, mapigo yalikuwa 62.